Hali ya hatari na viti vya Mahakama ya Juu: hesabu zinazorukwa kabla ya Agosti 2027

Uchaguzi wa Kenya ukikaribia, tetesi mbili hurudi. Ya kwanza husema Rais anapanga kuijaza Mahakama ya Juu majaji wake, ili kesi ya kupinga matokeo ya urais ifike hukumu ikiwa imeshaandikwa. Ya pili husema atatangaza hali ya hatari na kura isogezwe mbele. Upande wa serikali nao una za kwake: kwamba Tume ya Huduma za Mahakama, yaani JSC, imeshikwa na wanaharakati, na kwamba majaji wameshaamua kufuta matokeo kabla hata ya kura kupigwa. Kura ni Jumanne, 10 Agosti 2027, na kadiri siku inavyosogea ndivyo sauti zinavyopanda.

Hofu yenyewe ina mizizi na haifai kubezwa. Ubaya wa tetesi hizi ni kwamba zinawakodolesha watu macho kwenye milango iliyofungwa kwa komeo mbili tatu, huku mianya ya kweli ikiachwa bila mlinzi. Hapa nitapita mlango mmoja mmoja, na vifungu vya Katiba mkononi.

Tuanze na jambo linalochanganya wengi. Sehemu kubwa ya mjadala huu imeazimwa kutoka habari za Marekani. Kule Rais humteua jaji amtakaye, Seneti humpitisha kwa wingi wa kawaida wa kura tangu 2017, jaji hukaa maisha yake yote, na idadi ya majaji tisa imewekwa na sheria ya kawaida ya 1869 ambayo Kongresi inaweza kuibadilisha. Jaji Amy Coney Barrett alipitishwa tarehe 26 Oktoba 2020, siku nane tu kabla ya uchaguzi. Hali ya dharura kule hutangazwa chini ya sheria ya 1976, na Rais huihuisha kila mwaka. Iliyotangazwa kuhusu Iran Novemba 1979 bado ipo. Mtu aliyezoea kusoma habari hizo akigeukia Nairobi huona kila mahali Rais mwenye kalamu ileile. Kalamu si ileile.

Jaji hupatikanaje

Kifungu cha 166 kinasema Rais huteua majaji kulingana na pendekezo la JSC. Kwa Jaji Mkuu na Naibu wake, Bunge la Kitaifa lazima liidhinishe pia. Kwa majaji wengine wote, Bunge halina neno. Jina hutoka JSC, huenda Ikulu, hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na jaji huapishwa.

Kazi yote nzito basi iko JSC. Tume hutangaza nafasi, hupokea maombi, huchuja, huchapisha majina ya waliobaki ili mwananchi yeyote alete anachojua juu yao, kisha huwahoji hadharani, mara nyingi mbele ya kamera za televisheni. Anayetaka Mahakama ya Juu awe na uzoefu wa miaka 15 katika sheria. Mahakama ya Rufaa na Mahakama Kuu ni miaka 10.

Hesabu ya wanachama wa JSC ndiyo ya kwanza kurukwa. Ni 11. Jaji Mkuu ni mwenyekiti. Jaji mmoja wa Mahakama ya Juu huchaguliwa na wenzake, na mmoja wa Mahakama ya Rufaa vilevile. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja huchaguliwa na chama chao, mmoja mwanamke na mwingine mwanamume. Mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, huchaguliwa na wanachama wa Chama cha Mawakili, LSK. Yupo Mwanasheria Mkuu wa serikali. Yupo mmoja anayependekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Wawili wa mwisho, wasio wanasheria, huwakilisha wananchi na huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Kitaifa. Ukiwahesabu wale ambao Ikulu ina mkono wa karibu au wa mbali katika kuwaweka, hupati zaidi ya wanne. Wingi wa kura ni sita. Kwa hiyo anayesema Rais "atateua majaji wake" hana budi kutuambia kura mbili zaidi zitatoka wapi. Swali hilo lina jibu linaloweza kuchunguzwa: tazama chaguzi za LSK na za chama cha majaji na mahakimu, kwa kuwa ndiko viti vinne vinavyoamua vinakopatikana. Chaguzi hizo hupita bila kelele, na waandishi wa tetesi hawaziandiki.

Rais kujaribu kupita kando kumetokea, na kila mara kumeacha alama mahakamani. Januari 2011 Rais Kibaki alitangaza jina la Jaji Mkuu bila kufuata utaratibu mpya wa Katiba ya 2010. Mahakama Kuu ikasema uteuzi haukuwa halali, jina likaondolewa, na JSC ikaanza upya hadi akapatikana Willy Mutunga. Mwaka 2015 Bunge lilibadilisha sheria ili JSC impelekee Rais majina matatu ya Jaji Mkuu naye achague moja. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaifuta sheria hiyo, kwa hoja kwamba Katiba haikumpa Rais nafasi ya kuchagua. Hoja hiyo ndiyo kiini cha yote: pendekezo la JSC si orodha ya kumsaidia Rais kufikiri, ni jina la kutiwa saini.

Kuchelewesha ni silaha kali kuliko kuteua

Sasa tufike kwenye mwanya wa kweli. Mwaka 2019 JSC ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41 ya majaji wa Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Mahakama ya Ajira. Hakuteua hata mmoja. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema hana mamlaka ya kukataa. Akakaa kimya. Mmoja wa wale 41 akafariki akisubiri. Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita: Aggrey Muchelule, George Odunga, Joel Ngugi na Weldon Korir waliokuwa wakipandishwa Mahakama ya Rufaa, na Evans Makori na Judith Omange wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Odunga na Ngugi walikuwa katika jopo la majaji watano lililouzima BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, mwezi mmoja kabla, Mei 2021. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaagiza wateuliwe ndani ya siku 14. Hawakuteuliwa. Rais William Ruto aliwateua siku alipoapishwa, 13 Septemba 2022, wakala kiapo kesho yake.

Hesabu muda: miaka mitatu. Hakuna jaji hata mmoja "wa Rais" aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma, na bado wenye kesi za ardhi waliumia, rufaa zikalundikana, na kila jaji aliyekuwa akisubiri kupanda cheo akaona kinachoweza kumpata aliyetoa hukumu isiyopendeza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa yaliyoumia ni ya wananchi waliokuwa wakingoja tarehe ya kesi.

Kwa nini kuchelewesha kunafaulu pale kuteua kunaposhindwa? Kwa sababu kosa la kutenda lina tangazo, tarehe na saini, na wakili anaweza kulipeleka kortini kesho yake asubuhi. Kutotenda hakuna karatasi. Mahakama inaweza kutoa amri, lakini haina askari wa kumshika Rais mkono atie saini, na Rais aliye madarakani hawezi kushtakiwa binafsi kwa jambo analolifanya kwa wadhifa wake. Anayefuatilia jambo hili aandike kwenye daftari tarehe ambayo JSC ilitangaza majina na tarehe ya uteuzi, kisha ahesabu siku kati yake. Pengo likianza kuhesabiwa kwa miezi, hapo pana habari.

Akidi ya watano

Mahakama ya Juu ina majaji saba: Jaji Mkuu, Naibu wake, na wengine watano. Idadi hiyo imo ndani ya Katiba yenyewe, Kifungu cha 163, kwa hiyo kuongeza viti vya wapambe kunahitaji kubadilisha Katiba. Mswada wa namna hiyo hukaa siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili, na huhitaji thuluthi mbili ya wanachama wote katika kila bunge, la Kitaifa na Seneti. Ukigusa uhuru wa mahakama, unahitaji kura ya maoni pia. Hakuna njia ya kulifanya hilo usiku.

(Mahakama ya Rufaa na Mahakama Kuu ni hadithi nyingine. Katiba imesema tu kwamba Mahakama ya Rufaa isiwe na majaji chini ya 12. Kiwango cha juu huwekwa na sheria ya kawaida ya Bunge. Anayeogopa mahakama kujazwa angalie huko kwanza, ingawa majina bado yatapita JSC.)

Nafasi hufunguka jaji akifika miaka 70, au akiamua kustaafu baada ya 65, au akifa, au akiondolewa. Jaji Mkuu ana kikomo cha ziada cha miaka kumi katika kiti hicho. Martha Koome aliapishwa Mei 2021, kwa hiyo kumi yake ingeisha Mei 2031, lakini alizaliwa Juni 1960 na atatimiza 70 kabla ya hapo, mwaka 2030. Kalenda haina Jaji Mkuu mpya kabla ya Agosti 2027. Anayedai atakuwapo lazima adai pia kwamba Koome atajiuzulu au ataondolewa, na kuondolewa kuna ngazi zake.

Ngazi hizo ziko Kifungu cha 168. Ombi la kumwondoa jaji huanzia JSC peke yake, kwa hiari yake au kwa ombi la mtu yeyote. Sababu ni chache: maradhi ya mwili au akili yanayomzuia kufanya kazi, kuvunja maadili ya kazi, kufilisika, kutojua kazi, au utovu mkubwa wa nidhamu. JSC ikiridhika, humpelekea Rais ombi, naye ndani ya siku 14 humsimamisha jaji kwa nusu mshahara na kuunda jopo la uchunguzi. Jopo la kumchunguza Jaji Mkuu huongozwa na Spika wa Bunge la Kitaifa. Jaji asiyeridhika na pendekezo la jopo ana siku 10 za kukata rufaa Mahakama ya Juu.

Hapa ndipo akili ya msomaji inapaswa kusimama kidogo. Akidi ya Mahakama ya Juu ni majaji watano. Saba ukitoa watatu ni wanne, na wanne hawawezi kuamua kesi. Katiba haikuweka majaji wa kukaimu. Kwa hiyo mtu mwenye nia mbaya hahitaji kuingiza jaji hata mmoja. Inatosha watatu wasimamishwe, waugue, au wasifike.

Hili limewahi kutokea machoni petu. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya marudio ya uchaguzi wa urais, Mahakama ya Juu ilipaswa kusikiliza ombi la kuyaahirisha. Walifika wawili: Jaji Mkuu David Maraga na Isaac Lenaola. Jioni iliyotangulia, dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alikuwa amepigwa risasi na kujeruhiwa. Akidi haikutimia, ombi halikusikilizwa, kura ikaendelea. Kumbuka pia kwamba hukumu ya 1 Septemba mwaka huo, iliyofuta uchaguzi wa Agosti, ilitolewa na majaji sita kwa sababu mmoja aliugua: wanne upande mmoja, wawili upande wa pili. Kesi kubwa kuliko zote katika historia ya mahakama hiyo ilisimama ikiwa imebakiza jaji mmoja tu juu ya akidi.

Kwa hiyo maombi ya kuwaondoa majaji wote saba yalipofika JSC, na mapema 2025 Mahakama Kuu ikasimamisha mchakato huo, waliolielewa jambo hawakuuliza nani atachukua nafasi zao. Waliuliza: je, ikiwa wote au watatu wangesimamishwa, kesi ya urais ingesikilizwa na nani? Kifungu cha 140 kinatoa siku 7 za kuwasilisha kesi baada ya matokeo kutangazwa na siku 14 za kuiamua. Jopo la uchunguzi wa jaji halimaliziki kwa siku 14. Hilo ndilo swali la kuulizwa kila ombi jipya linapopelekwa JSC mwaka wa uchaguzi, liwe limeletwa na rafiki wa serikali au adui yake. Malalamiko mengine huwa ya haki kabisa, na majaji hawapaswi kuwa juu ya sheria. Lakini wakati wa kuyasikiliza una uzito sawa na ukweli wake.

Kuna jambo moja dogo zaidi, nalo ni nani hupanga jopo la majaji wa Mahakama Kuu. Kesi yenye swali zito la kikatiba husikilizwa na majaji wasiopungua watatu, idadi isiyogawika kwa mbili, na hupangwa na Jaji Mkuu. Oktoba 2024, wakati wa kesi za kuondolewa kwa Naibu Rais Rigathi Gachagua, jopo lilipangwa na Naibu Jaji Mkuu, na ubishi ukaanza kama ana mamlaka hayo. Mei 2025 Mahakama ya Rufaa ikasema hana. Watu waliopuuza ubishi ule wakiuita wa kiutaratibu walikosa kuona kwamba saini ya anayepanga jopo ina nguvu kuliko uteuzi wa jaji mpya.

Siku kumi na nne

Hali ya hatari ni neno lenye kovu Kenya. Gavana Evelyn Baring aliitangaza 20 Oktoba 1952 ikaendelea hadi Januari 1960. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini yake Desemba 1963 na haikuondolewa hadi 1991, karibu miaka 28. Kifungu cha 58 cha Katiba ya 2010 kinasomeka kama jibu kwa miaka hiyo.

Rais anaweza kuitangaza, chini ya Kifungu cha 132(4)(d), iwapo nchi inatishiwa na vita, uvamizi, uasi wa jumla, vurugu, maafa ya asili au dharura nyingine ya umma, na ikiwa tangazo lenyewe ni la lazima ili kukabili hali hiyo. Halirudi nyuma kuhalalisha yaliyopita. Hudumu siku 14 tu. Likitaka kuendelea, Bunge la Kitaifa lijadili hadharani na kuliongeza kwa muda usiozidi miezi miwili kila mara: mara ya kwanza kwa thuluthi mbili ya wabunge wote, mara zinazofuata kwa robo tatu. Mahakama ya Juu inaweza kuamua uhalali wa tangazo, wa kuongezwa kwake, na wa kila kilichofanywa kwa jina lake. Haliwezi kuikinga serikali wala mtu yeyote aliyevunja sheria. Na kwa Kifungu cha 25, haki nne hazipunguzwi hata siku hizo: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na kufikishwa mahakamani unaposhikwa.

Hesabu zake: wabunge ni 349. Thuluthi mbili ni 233. Robo tatu ni 262. Wengi huishia hapo na kusema Rais hawezi kupata idadi hiyo. Mimi singelala nikitegemea hilo. Mei 2021 mswada wa BBI ulipata kura 235 katika Bunge la Kitaifa, mbili juu ya 233. Tarehe 8 Oktoba 2024 hoja ya kumwondoa Gachagua ilipata 281, ambazo zinapita hata 262. Vyama vikubwa vikikaa meza moja, ukuta wa robo tatu unarukika. Ulinzi unaobaki ni Mahakama ya Juu, na hilo linaturudisha kwenye akidi ya watano.

Je, hali ya hatari inaahirisha uchaguzi? Kifungu cha 58 hakisemi hivyo popote. Muda wa Bunge unaweza kuongezwa nchi ikiwa vitani tu, kwa thuluthi mbili katika kila bunge, miezi sita kila mara na isizidi 12 kwa jumla. Vita, tena kwa neno hilohilo, si vurugu wala maandamano. Tarehe ya kura imefungwa kwenye Katiba: Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kubadilisha muda wa urais kunahitaji kura ya maoni, ambapo angalau asilimia 20 ya wapigakura walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi.

Mwenye mamlaka ya kusogeza kura ni tume ya uchaguzi, IEBC, na hufanya hivyo eneo kwa eneo: jimbo, kaunti au wadi, ikiwa kuna hatari ya fujo kubwa, maafa, au hitilafu nzito za uchaguzi. Agosti 2022 kura za ugavana Mombasa na Kakamega zilisogezwa hadi 29 Agosti baada ya karatasi za kura kuchanganywa. Oktoba 2017 ilishindikana kupiga kura Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Kwa hiyo anayehofia uchaguzi kuahirishwa aitazame IEBC kuliko Ikulu. Tume hiyo ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, zaidi ya miaka miwili. Tunarudi kulekule: kiti kitupu.

Kalenda ya Agosti na Septemba 2027

Kifungu cha 134 ni kifungu ambacho ningependa kila mwandishi wa siasa akisome kabla ya kuandika. Kuanzia siku ya kura ya kwanza hadi Rais mpya aapishwe, aliye madarakani hawezi kuteua majaji, hawezi kuteua wala kufuta mawaziri, hawezi kuteua mabalozi, hawezi kutoa msamaha kwa wafungwa, hawezi kutunuku nishani. Tetesi ya "atateua majaji usiku wa matokeo" inakufa hapo.

Lakini soma orodha hiyo tena. Kutangaza hali ya hatari hakumo. Rais anayesubiri matokeo anabaki na kalamu hiyo.

Sasa weka tarehe. Bunge linaisha siku ya uchaguzi, 10 Agosti 2027. IEBC ina siku saba za kutangaza matokeo ya urais, yaani hadi 17 Agosti. Kesi inaweza kufika Mahakama ya Juu hadi 24 Agosti, na hukumu hadi 7 Septemba. Bunge jipya linapaswa kukutana ndani ya siku 30 tangu uchaguzi, hadi 9 Septemba. Mwaka 2022 kura ilikuwa 9 Agosti na wabunge waliapa 8 Septemba, siku ya 30 yenyewe. Maana yake ni kwamba tangazo lolote la hali ya hatari likitolewa, tuseme 12 Agosti, siku zake 14 zinaisha 26 Agosti kabla hapajawa na Bunge la kuliongeza. Kwa usomaji wangu, linakufa lenyewe. Je, Rais anaweza kutangaza lingine siku inayofuata? Kifungu cha 58 hakilitaji jambo hilo waziwazi, na hoja nzuri ya wakili ingekuwa kwamba kurudia tangazo ili kukwepa Bunge ni kuongeza muda kwa jina jingine. Hoja hiyo ingesikilizwa na Mahakama ileile iliyo katikati ya kesi ya urais. Hili ndilo pengo la kweli katika mpangilio wote, nalo lina urefu wa wiki nne.

Dharura isiyoitwa dharura

Yaliyotokea Juni 2024 yanafaa kusomwa polepole. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na jioni tangazo la gazeti rasmi likasema jeshi la KDF linaletwa kuwasaidia polisi kwa sababu ya dharura ya usalama. Neno "dharura" lilipoonekana, simu zikajaa ujumbe kwamba hali ya hatari imetangazwa. Haikuwa imetangazwa. Tangazo lilitiwa saini na Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, si Rais, na lilitaja Kifungu cha 241(3)(b), kinachohusu jeshi kusaidia wakati wa dharura au maafa na kutoa taarifa kwa Bunge la Kitaifa. Kifungu kidogo kinachofuata, (c), kinahusu kurejesha amani penye machafuko, na hicho kinahitaji idhini ya Bunge. Tofauti ya herufi moja ni tofauti kati ya kutoa taarifa na kuomba ruhusa. Bunge liliidhinisha kesho yake, na tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akaiagiza serikali ichapishe ndani ya siku mbili jeshi litafanya nini, wapi, na kwa muda gani.

Kafyu nayo ni hivyohivyo. Ile ya korona iliyoanza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kuendelea hadi Oktoba 2021, iliwekwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma kwa amri ya waziri. Miezi 18 na zaidi ya kufungiwa ndani usiku, bila siku 14, bila 233, bila 262. Serikali yenye sheria ya aina hiyo mfukoni haina haja ya kugusa Kifungu cha 58, na kinga zote zilizowekwa humo hubaki zikilinda mlango usiopitwa.

Kwa hiyo tangazo likikufikia kwenye simu, anza na mambo matatu. Nani ametia saini: hali ya hatari hutoka kwa Rais tu. Kifungu gani kimetajwa: bila 132(4)(d) na 58, ni jambo jingine, huenda zito, lakini jingine. Na muda: kama hakuna tarehe ya mwisho, hilo peke yake ni sababu ya kwenda kortini, kama ilivyoonekana Juni 2024. Gazeti rasmi hutoka Ijumaa, ila matoleo maalumu hutoka siku yoyote, hata usiku. Picha ya ukurasa mmoja haitoshi. Tafuta nambari ya tangazo na toleo zima.

Kuhusu majaji, fuatilia ukurasa wa JSC wa nafasi zilizotangazwa, na hesabu watu wanaoketi siku ya kusikiliza kesi katika Mahakama ya Juu. Wakiwa saba au sita, endelea na shughuli zako. Wakiwa watano tu na mwaka ni wa uchaguzi, uliza wawili wako wapi na watarudi lini.